Kifuniko Juu ya Betri

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la gari. Kila nikifika kwa fundi ananiuliza, "Linasumbua nini safari hii?" nami nasahau nusu ya magonjwa, halafu nayakumbuka yote nikiwa nyumbani. Basi kuanzia leo naandika. Gari lina miaka ishirini na mitatu, limemzidi binti yangu mkubwa kwa miaka tisa. Kioo cha mbele kushoto hakipandi, kimeshikiliwa na kipande cha boksi. Mlango wa nyuma kulia haufunguki kwa ndani. Breki zinalia asubuhi. Shokomzoba za nyuma zimekufa, ukipita kwenye tuta unalisikia mpaka kwenye meno. Na mshale wa joto, ambao zamani ulikuwa unalala chini ya nusu, sasa unapanda tukikaa kwenye foleni.

Gari lilikuwa la Baba. Alikuwa dereva wa ofisi kwa miaka thelathini na mmoja, amebeba wakubwa wa kila aina, na hajawahi kugonga hata kuku. Anaishi nasi tangu Mama alipofariki. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, haendeshi tena. Lakini kila siku saa kumi na mbili asubuhi yuko nje, amefungua boneti, anapima oili na maji kwa kupapasa, anafunga, anarudi ndani kunywa chai. Tunasubiri hospitali ya macho itupe tarehe ya upasuaji. Jina lake liko kwenye orodha tangu mwaka jana.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Waipa ya upande wangu imekufa, ya upande wa abiria ni nzima. Nimeendesha nimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea.

Alhamisi, 6 Machi

Limegoma kuwaka mbele ya ofisi ya walimu. Nafundisha fizikia, na wiki hii kidato cha pili tuko kwenye mada ya joto. Hao hao kidato cha pili ndio walionisukuma. Nikasikia mmoja akisema, "Birika limechoka." Wakacheka kwa adabu, yaani kwa puani. Kumbe lina jina, na mimi ndiye wa mwisho kulijua. Nimewapungia mkono kama mtu asiyesikia. Kuanzia wiki ijayo nitaliegesha nyuma ya karakana ya seremala, nitembee.

Ijumaa, 7 Machi

Jumanne na Ijumaa gari ni zamu ya mke wangu. Anawapeleka watoto shule kisha anakwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Nimekwenda kwa miguu. Raha mustarehe.

Jumatatu, 10 Machi

Mshale umegusa nyekundu nikirudi. Ilinipasa kusimama. Lakini nilikuwa mbele ya kituo kilichojaa wanafunzi wangu, na sikutaka Birika lichemke mbele yao. Nikakanyaga mafuta mpaka nyumbani.

Baba alikuwa kibarazani na swali lake la kila siku. "Mshale ulisimama wapi?"

"Katikati, Baba."

"Katikati kabisa?"

"Katikati."

Nina miaka arobaini na sita na shahada ya fizikia, na namdanganya baba yangu kuhusu mshale.

Jumanne, 11 Machi

Naandika hapa kwa sababu mchana sikusema.

Asubuhi Baba alifanya ukaguzi wake. Akaingia ndani akisema maji yamejaa. Mimi nilikuwa bado na ule uongo wa jana kifuani: nilijua mshale ulivyopanda, yeye hakujua. Nikajiambia, mzee anapima kwa kidole, ngoja niangalie kwa macho yanayoona. Nikafungua boneti kimyakimya, nikafungua kifuniko cha rejeta, nikakiweka juu ya betri. Maji yalikuwa mpaka shingoni, kama alivyosema. Hapo simu ikalia, mwalimu mkuu anataka alama za kidato cha nne. Nikaongea naye huku nashusha boneti kwa mkono mmoja, nikaingia ndani kutafuta karatasi. Kifuniko nikakisahau pale pale juu ya betri.

Saa moja na nusu mke wangu akapiga simu. Sikuelewa neno, nilisikia mvua na honi na mtoto analia. Gari lilikuwa limechemka katikati ya njia panda, moshi mtupu, haoni mbele wala nyuma. Lori lililokuwa nyuma yao lilikanyaga breki likateleza, likasimama umbali wa mkono mmoja kutoka mlango wa nyuma kulia. Ule usiofunguka kwa ndani. Alikokaa kitindamimba wetu.

Kitindamimba ana miaka sita. Baba anamwita Bosi. Kila asubuhi humfungulia mlango, husimama wima kama alivyowafungulia wakubwa wake, na Bosi huingia bila kumtazama, kisha wote wawili hucheka.

Tulifika pale mimi, Baba na fundi. Fundi tunamwita Kesho, kwa sababu ya tabia yake ya kuahidi. Akafungua boneti, akapapasa, akainuka na kifuniko kiganjani.

"Nani alifungua rejeta leo asubuhi?"

"Mimi," Baba akasema. "Kila siku ni mimi."

"Basi mzee wangu, ulikisahau hiki. Kilikuwa hapa, kimebanwa ubavuni mwa betri."

"Nilikifunga," Baba akasema. Kisha akasema, "Nadhani nilikifunga."

Akageuka upande wangu. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni. Nilikuwa na sekunde tano, labda sita. Neno lenyewe ni dogo, "mimi", wanafunzi wangu hulisema kila siku nikiuliza nani kavunja kopo la maabara. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mke wangu akamshika Baba mkono. "Si neno, Baba. Ni umri tu," akasema, kwa upole kabisa. Bosi alikuwa bado analia.

Jumatano, 12 Machi

Sikusema.

Ijumaa, 14 Machi

Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda. Fundi Kesho anasema ni kazi ya wiki mbili. Hapo tujue ni tatu.

Leo asubuhi saa kumi na mbili Baba alitoka nje kama kawaida. Akasimama pale gari linapokaa, akatazama sakafu yenye doa la oili, akarudi ndani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepitia gereji kulitazama. Injini iko wazi, imelala nusu nusu juu ya meza, aibu kama kumkuta mtu anaoga. Mafundi walikuwa wanamzungumzia Baba. Mmoja alimwiga anavyopapasa, akajifanya anapima oili kwenye kiti. Fundi Kesho akaniambia, "Usikasirike, mwalimu, wanatania tu."

Sikukasirika. Nilicheka nao. Nilicheka kabla hata ya wengine kuanza kucheka, ndipo nikajiona kwenye kioo cha pembeni cha gari la mtu nimekenua meno yote. Nikaaga.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu ameniita chumbani akafunga mlango. Anasema hana ubaya na Baba, ndiye baba aliyebaki naye, lakini kila akifumba macho anaona taa za lile lori. Gari likirudi hataki Baba aliguse. Na funguo ya akiba aliyonayo irudishwe.

"Umwambie wewe," akasema. "Mimi mkwe, nitaonekana namfukuza."

Hapo pia ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, mvua inapiga bati hata asingesikia mtu mwingine. Nikasema, "Sawa, nitamwambia."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani anakunja mashati yake. Nikazunguka wee, nikazungumzia mvua, nikazungumzia bei za vipuri. Akanikatiza yeye mwenyewe.

"Umekuja kuchukua funguo."

"Ni kwa ajili ya watoto tu, Baba."

"Kweli kabisa," akasema. "Ningekuwa mimi ningeichukua siku ile ile." Akaitoa kwenye pete yake ya funguo. Kucha zake zimekuwa laini sasa, ilimchukua muda, na mimi nilisimama nikimtazama anavyohangaika bila kumsaidia, kwa sababu kumsaidia kungekuwa kama kumnyang'anya. Akaniwekea kiganjani. "Ahsante kwa kutonigombeza, mwanangu. Mwingine angenigombeza."

Nimejifungia chooni muda mrefu mpaka binti mkubwa akagonga.

Jumapili, 23 Machi

Mvua siku nzima. Nimesahihisha mitihani. Swali la nne: kwa nini kifuniko cha rejeta hufungwa kwa nguvu? Nililitunga mwenyewe mwezi wa kwanza. Nimeruka kulisahihisha, nitalisahihisha kesho.

Jumatano, 2 Aprili

Gari limerudi. Linawaka kwa mguso mmoja, halitoi moshi, mshale umelala. Fundi Kesho anasema sasa tuangalie mkanda wa feni na mpira wa injini wa kushoto, vyote viko njiani kuaga. Waipa amenitengenezea bure, kwa huruma.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi Bosi alisimama kando ya mlango wake akingoja. Babu alikuwa kibarazani.

"Babu, mlango."

"Fungua mwenyewe, Bosi wangu. Nisije nikakubana kidole."

"Hujawahi kunibana."

"Ndiyo maana."

Mtoto akanitazama mimi, nimweleze. Nikamfungulia. Hakuingia kwa maringo yake, aliingia tu kama abiria.

Jumatatu, 7 Aprili

Mpira wa injini umekatika. Gari linatetemeka likisimama, mpaka kipande cha boksi kimedondoka na kioo kimeshuka chote. Nimelowa bega moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba ameanza kujikagua. Akitoka bafuni anarudi kushika bomba. Akizima taa anarudi kushika swichi. Leo amemuuliza mke wangu mara tatu kama yeye mwenyewe amefunga mlango wa jikoni, na mara zote tatu alikuwa ameufunga. Mke wangu anasema, unaona inavyoenda kasi? Binti mkubwa ameuliza kama ni salama Babu kubaki peke yake na jiko. Sasa mtungi wa gesi unafungwa kabla hatujatoka, na Babu anaachiwa chai kwenye chupa.

Natazama haya yote kama jaribio la maabara nililolianzisha mwenyewe kisha nikashindwa kulizima. Baba hakuwa msahaulifu. Namba za magari yote aliyoendesha anazijua mpaka leo. Tumemwambia amesahau jambo moja, naye kwa uaminifu wake ametuamini, na sasa anatafuta mengine.

Jumapili, 13 Aprili

Nimejaribu. Tulikuwa wawili kibarazani, mvua imekatika kidogo.

"Baba, ile habari ya kifuniko. Huenda hata halikuwa kosa lako. Huenda kilifunguka chenyewe kwa mtikisiko."

Akacheka. "Kifunguke chenyewe, kisha kitembee mpaka kwenye betri? Usinipoze, mwalimu. Mimi si mtoto."

Nikasema, "Nilikuwa nawaza tu." Nusu ya ukweli ni mbaya kuliko kunyamaza. Sasa ananishukuru kwa kujaribu kumsetiri.

Jumanne, 15 Aprili

Betri chini. Tumelisukuma mimi na jirani muuza mkaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Hospitali ya macho wamepiga simu. Upasuaji ni tarehe 21 Mei, jicho la kulia kwanza. Tarehe 8 aende kwa mahojiano na vipimo. Mke wangu alipiga vigelegele jikoni peke yake. Bosi amemuuliza Babu akishaona ataendesha tena? Baba amesema, "Tutaona," kisha akaenda kushika bomba la bafuni.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Breki zimebadilishwa.

Alhamisi, 8 Mei

Niliomba ruhusa shuleni nikampeleka. Gari lilituheshimu njia nzima. Baba alikaa mbele, amevaa shati lake la kazi la zamani lenye mifuko miwili, amenyoa vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Tulipopita ile njia panda nilipunguza mwendo.

Muuguzi alikuwa dada mchangamfu mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akampima, akamsifu shinikizo la damu, akasema ana damu ya kijana. Kisha akaanza kumweleza. Atakuwa macho wakati wa upasuaji, jicho tu ndilo litakalokufa ganzi, kwa hiyo lazima afuate maelekezo ya daktari. Baadaye matone mara nne kwa siku kwa wiki nne, asisugue jicho, asiiname, asiruke hata tone moja.

"Hapo, binti yangu," Baba akasema, "ndipo penye shida."

"Shida gani, Baba?"

"Mimi nasahau. Na sisahau vitu vidogo. Nilisahau kifuniko cha rejeta, wajukuu wangu wakaponea chupuchupu." Akamweleza yote, kwa mpangilio, saa, mvua, lori, umbali wa lori. Kumbukumbu isiyo na doa, anaitumia kuthibitisha kwamba hana kumbukumbu. Dada yule akaitoa kalamu sikioni. Akanigeukia mimi.

"Ni kweli, kaka? Anasahau?"

Kumkatalia kungenilazimu kueleza kwa nini namkatalia. Chumba kilikuwa na wagonjwa wengine wanne kwenye benchi, na mmoja alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu.

Nikasema, "Mara mojamoja."

Nimeliandika hapa neno kwa neno. Tarehe 11 Machi nilinyamaza, nikajidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo. Leo nimesema.

Muuguzi akaandika. Akatueleza kwa upole kwamba mgonjwa wa namna hiyo lazima aonwe kwanza na daktari mwingine, wa kumbukumbu, na huko foleni ni ndefu. Nafasi ya tarehe 21 itapewa mtu mwingine, sisi tutasogezwa mpaka mwakani, Mungu akipenda. Ila kama familia ina la kusema tofauti, tupige simu kabla ofisi haijafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16.

"Mpeni mwingine," Baba akasema. "Yuko mtu ana kazi ya kufanya na hayo macho."

Kwenye gari nikamwambia tusikate tamaa, tutafute njia. Alikuwa ameshika kile kipande cha boksi dirishani kisidondoke.

"Nisipoona, nitakaa," akasema. "Mtu aliyekaa haharibu kitu."

Jumapili, 11 Mei

Sina uso wa kumtazama mtu. Nakula chumbani, nasema nasahihisha.

Jumatano, 14 Mei

Baba ameniomba ninunue kufuli.

Alinisubiri nirudi kazini. Amefikiria, anasema. Sisi tukitoka asubuhi mpaka alasiri yuko peke yake na nyumba nzima, swichi, bomba, mlango wa barabarani. Anaogopa. Anaomba tukitoka tumfungie chumbani kwake kwa nje. Atakuwa na chupa ya chai na redio na ndoo. "Nunua nzuri," akasema, "zile za bei rahisi zinaingia kutu na mvua hii."

Alhamisi, 15 Mei

Nilinunua. Naandika ili nisije nikaandika vingine baadaye: nilikwenda duka la vifaa, nikamwambia muuzaji nataka kufuli la kufungia mlango kwa nje, akaniuliza la ghala au la nyumba, nikasema la chumba. Akanionyesha matatu. Nikachagua. Nikalijaribu mara mbili kama linafunga vizuri. Mkono wangu wenyewe ulilijaribu.

Nikakaa kwenye gari nje ya duka. Liliwaka mara ya kwanza. Nikalizima. Nilijua nikifika nyumbani na lile kufuli mfukoni nitalitumia, kama nilivyochukua funguo, kama nilivyosema mara mojamoja. Kila hatua nilishangaa kwamba naweza, halafu nikaweza inayofuata.

Nilifika saa kumi alasiri. Nikawaita wote mezani, mke wangu, watoto wote wawili, Baba. Alilaumiwa mbele ya watu, sikutaka kumsafisha faraghani. Nikaweka kufuli juu ya meza.

"Kifuniko nilikiacha mimi," nikasema.

Hakuna aliyeelewa. Mke wangu akauliza, "Kifuniko gani?"

"Cha rejeta. Siku ile ya lori. Baba alikuwa amekifunga. Mimi nilikifungua baada yake, simu ikalia, nikashusha boneti. Nilijua tangu pale njia panda. Nimejua siku zote."

Mke wangu aliweka kiganja mdomoni. Sikuthubutu kumtazama zaidi. Binti mkubwa alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza, ana miaka kumi na minne na hajawahi kunitazama hivyo. Bosi alikuwa anachezea kufuli, anafunga, anafungua.

Baba hakuinua sauti. Aliniuliza maswali kama mtu anayeandika ripoti ya ajali, na nadhani ripoti za namna hiyo za madereva wenzake ameziona nyingi.

"Ulikiweka wapi?"

"Juu ya betri."

"Upande gani?"

"Wa ndani, karibu na taa."

Mkono wake ukapanda kwenye mfuko wa shati, ukaugusa. "Mimi nakiweka hapa," akasema. "Tangu naanza udereva. Kifuniko kikitoka kwenye rejeta kinaingia mfukoni, siwezi kuondoka bila kukisikia kifuani. Pale barabarani niliwaza hilo, nikasema, mbona betri? Halafu nikasema, basi nimesahau mpaka desturi yangu. Nimekwisha." Akashusha mkono kutoka mfukoni. "Miezi miwili nimekuwa nikijiambia nimekwisha."

"Baba, nisamehe."

"Ngoja. Kwa hiyo akili yangu ni nzima?"

"Ni nzima, Baba. Kuliko yangu."

"Sikuulizi yako."

Mke wangu alianza kulia. Alimshika Baba bega, akawa anamwambia pole, pole, mimi nilisema umri, nilikunyima jiko, pole. Baba akampigapiga mkono. Kisha akageuza uso wake upande niliokuwa, kama siku ile.

"Fundi aliponiuliza, nilikugeukia wewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilitaka kuuona uso wako. Kwa macho haya niliona ukungu tu. Nikadhani unanionea huruma." Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Nikajisikia vibaya kwa kukutia aibu mbele ya mafundi."

Baba akasimama, akapapasa ukuta, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Kwa ndani.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepiga simu hospitali saa mbili kamili, kabla hata ya kengele ya shule. Nimemweleza yule dada kila kitu, pamoja na lile neno langu. Akasema nafasi bado ipo. Halafu akasema, "Haya, kaka," kwa sauti ya mtu aliyefunga faili.

Nimepitia na gereji. Nimewaambia mafundi. Yule aliyemwiga Baba aliokota spana akarudi chini ya gari lake. Fundi Kesho amesema atakuja nyumbani kumwomba mzee radhi. Nikamuuliza lini, akasema kesho, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 17 Mei

Fundi Kesho amekuja.

Jumatatu, 19 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia boneti. Mke wangu alikuwa amemrudishia funguo. Nilichungulia dirishani nikamwona Baba amesimama mvuani, mfuko wa shati umetuna. Sikutoka. Hajaniambia neno tangu Alhamisi isipokuwa yale ya lazima, pitisha chumvi, funga mlango, na anasema kwa adabu kama anavyosema na mgeni.

Mke wangu anazungumza nami, lakini amehamia ukingoni mwa kitanda.

Jumatano, 21 Mei

Amesema apelekwe na mke wangu, si mimi. Nimewasukuma kwa sababu betri iligoma, gari likawaka, wakaondoka. Nimebaki barabarani na tope mpaka magotini.

Mchana mke wangu amepiga simu, upasuaji umekwenda vizuri. Daktari amesema hajapata mgonjwa anayefuata maelekezo kama yule. Wanalala huko, bandeji inatolewa kesho.

Alhamisi, 22 Mei

Niliomba ruhusa tena shuleni. Nilifagia kibaraza, nikafagia tena. Nilinyoa. Sijui nilimnyolea nani, uso ni ule ule.

Gari liliingia saa tano. Baba alishuka peke yake, bila kupapasa. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na lina maji, lakini lilikuwa linaona, nilijua kwa jinsi alivyokwepa ndoo niliyoiacha njiani. Aliitazama nyumba, akaitazama miti, akalitazama gari lake kwa muda, kutu zake zote na kile kipande cha boksi. Akapanda ngazi tatu za kibaraza akasimama mbele yangu. Nilianza kusema shikamoo, macho yakaniangukia kwenye viatu.

"Inua uso," akasema.

Nikauinua. Alinitazama kwa lile jicho moja, bila haraka, paji, macho, mdomo, kama mtu anayesoma kitu alichonyimwa muda mrefu, nami sikuruhusiwa kutazama pengine. Mke wangu alikuwa amesimama na mfuko wa dawa, hakutuingilia. Baba alipomaliza alifuta chozi la dawa kwa kitambaa, polepole, asisugue.

"Sasa sema," akasema. "Yale uliyosema mezani. Yaseme yote tena, nikikuona."

Nikayasema yote.